Kitambaa Kizito cha Pamba Kilichopaushwa: Uandikishe 5209, 5208, 5211 au 5212?

Anayeagiza maradufu nyeupe (kitambaa kizito kama cha turubai), drili ya sare za wapishi au kitambaa cha kushonea makoti ya karate hukutana na swali moja kabla kontena halijafika bandarini: mzigo uandikishwe kwa msimbo gani wa HS, mfumo wa dunia wa kupanga bidhaa kwa namba? Muuzaji wa nje ameandika wake kwenye ankara. Wakala wa forodha anao wake aliouzoea. Mara nyingi hiyo miwili haifanani, na mwagizaji anabaki kuuliza upi una ushuru mdogo.

Swali hilo linaanzia pabaya. Msimbo hautafutwi kwa kutazama ushuru, unatafutwa kwa kutazama kitambaa, tena kwa mpangilio: kwanza nyuzi zake ni za nini, pili kina uzito gani, tatu kimetiwa nini, mwisho kimesukwa vipi. Ukianza na rangi, au ukianza na jina ambalo muuzaji amekipa kitambaa, unaweza kuwa mkweli kabisa na bado ukaandikisha vibaya. Na atakayedaiwa tofauti, pamoja na adhabu, ni wewe mwenye mzigo. Muuzaji yuko ng'ambo na hela yake ameshapokea.

Hii hapa misimbo inayogombaniwa, yote ya kitambaa cha kufumwa cha pamba kilichopaushwa, yaani kilichofanywa cheupe, katika Sura ya 52 ya mfumo wa HS (misuko nitaieleza chini):

| Msimbo | Kiasi cha pamba | Uzito kwa mita ya mraba | Msuko |
|---|---|---|---|
| 5208.21 | 85% au zaidi | hadi gramu 100 | wa kawaida |
| 5208.22 | 85% au zaidi | zaidi ya 100, hadi 200 | wa kawaida |
| 5208.23 | 85% au zaidi | hadi gramu 200 | mshazari wa nyuzi 3 au 4 |
| 5208.29 | 85% au zaidi | hadi gramu 200 | mwingine wowote |
| 5209.21 | 85% au zaidi | zaidi ya gramu 200 | wa kawaida |
| 5209.22 | 85% au zaidi | zaidi ya gramu 200 | mshazari wa nyuzi 3 au 4 |
| 5209.29 | 85% au zaidi | zaidi ya gramu 200 | mwingine wowote |
| 5211.20 | chini ya 85%, imechanganywa hasa na nyuzi za viwandani | zaidi ya gramu 200 | wowote |
| 5212.22 | chini ya 85%, mchanganyiko wa aina nyingine | zaidi ya gramu 200 | wowote |

Tazama vizuri mistari ya 5208 na 5209 inayoishia na 22. Kwenye 5208, tarakimu hizo ni msuko wa kawaida. Kwenye 5209, ni msuko wa mshazari. Mtu akiambiwa kwamba kitambaa chake kimezidi gramu 200, akabadilisha 08 kuwa 09 na kuziacha tarakimu za mwisho zilivyo, maradufu yake imegeuka drili kwenye karatasi. Kitambaa cha msuko wa kawaida kikivuka gramu 200 kinatoka 5208.22 kwenda 5209.21. Cha mshazari kinatoka 5208.23 kwenda 5209.22. Ni kile cha misuko mingine tu kinachobaki na 29 yake pande zote mbili.

5209 au 5208: mpaka wa gramu 200

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi, nami nitakaa hapa kuliko kwingine.

Sheria inasema 5208 ni kitambaa kisichozidi gramu 200 kwa mita ya mraba, na 5209 ni kinachozidi. Kwa hiyo gramu 200 kamili ni 5208. Jambo dogo, lakini linaamua mizigo mingi, kwa sababu viwanda vinapenda namba za mviringo na "200" huandikwa kwenye ankara nyingi mno.

Tatizo la kwanza ni vipimo vya muuzaji. Wengine huuza kwa aunsi kwa yadi ya mraba. Aunsi moja ya namna hiyo ni karibu gramu 33.9 kwa mita ya mraba, hivyo kitambaa cha aunsi 6 kina gramu 203 na kidogo: ni 5209. Cha aunsi 5.8 kina kama gramu 197: ni 5208. Maradufu ya aunsi 10 ina gramu 339, nayo haina mjadala. Wengine hutaja gramu kwa mita ya urefu, si ya mraba. Ukisikia "gramu 300 kwa mita" usidhani una kitambaa kizito sana. Kama upana wake ni mita 1.5, hizo ni gramu 200 kwa mita ya mraba, yaani bado uko 5208.

Tatizo la pili ni kupiga hesabu kwa kutumia orodha ya vifurushi. Chukua jora la mita 100 lenye upana wa mita 1.47. Eneo lake ni mita za mraba 147. Kitambaa chenyewe, bila bomba la karatasi lililo katikati, kina kilo 29.1. Gawanya: ni gramu 198 kwa mita ya mraba, 5208. Sasa mtu mwingine achukue uzito wa jora na bomba lake, kilo 30. Anapata gramu 204, na mzigo umehamia 5209. Mwingine anatumia uzito sahihi wa kilo 29.1 lakini anachukua upana wa sehemu inayotumika tu, mita 1.42, akiacha kingo. Naye anapata karibu gramu 205. Kitambaa ni kile kile, na kila mmoja ana karatasi ya kuonyesha. Ndiyo maana nashauri usiuamini uzito wa kwenye ankara mpaka umepimwa kwenye kitambaa chenyewe.

Kupima si kazi ngumu. Maabara na viwanda vya nguo vina kikataji cha duara kinachotoa kipande cha sentimita za mraba 100. Kipande hicho unakiweka kwenye mizani inayosoma sehemu za mia za gramu, kisha unazidisha kwa 100. Kikisoma gramu 2.03, kitambaa kina gramu 203. Kata vipande kadhaa kutoka sehemu tofauti za upana, mbali na kingo, uchukue wastani. Kama huna kikataji, mraba wa sentimita 10 kwa 10 uliokatwa kwa rula ya chuma na wembe unakupa eneo lile lile, ila ukikosea milimita moja kila upande umeharibu hesabu kwa karibu asilimia 2, na kwenye mpaka wa 200 hizo ni gramu 4.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: pamba hunyonya unyevu wa hewa. Ndiyo maana maabara huacha kitambaa kikae kwanza kwenye hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65, ndipo kipimwe. Kitambaa kilichotoka maabara kikiwa gramu 198 kinaweza kusoma zaidi ya 200 kikipimwa kwenye ghala la pwani wakati wa masika. Ikiwa mzigo wako uko karibu na mpaka na afisa ameupima bandarini bila kuuandaa hivyo, una haki ya kuomba upimwe maabara. Omba kwa maandishi, na uombe mapema kabla jora halijafunguliwa na kutawanywa.

5209 au 5211: asilimia 85 ya pamba

Kitambaa cha pamba asilimia 98 na elastani asilimia 2 bado ni 5209, kwa kuwa pamba imevuka 85. Cha pamba 80 na poliesta 20, kizito, kilichopaushwa, ni 5211.20. Hapo msuko hauulizwi tena. Zamani uliulizwa: kulikuwa na 5211.21, 5211.22 na 5211.29, lakini toleo la HS la mwaka 2007 liliviunganisha vyote. Ukiiona misimbo hiyo ya zamani kwenye ankara ya leo, ujue muuzaji ananakili karatasi za miaka mingi, na yote mengine aliyoandika nayo yakaguliwe.

Pamba ikipungua hadi kuzidiwa na poliesta, unaondoka Sura ya 52 kabisa. Kile kitambaa maarufu cha sare, poliesta 65 na pamba 35, kiko Sura ya 55. Na huko mpaka wa uzito si gramu 200 tena, ni 170: hadi gramu 170 ni 5513, zaidi ya hapo ni 5514. Nimeona mara nyingi watu wakibeba ile 200 ya pamba na kuipeleka huko. Kitambaa cha sare cha gramu 190 kinaandikwa "chepesi" wakati kwa sura yake ni kizito.

Nusu kwa nusu je? Pamba 50 na poliesta 50 hakuna aliyemzidi mwenzake, na kanuni ya Sehemu ya XI, inayosimamia nguo zote, inasema uchukue ile inayokuja mwisho kwa namba. Kati ya 52 na 55, ni 55.

Kuchoma uzi kwa kiberiti kunakuambia kama kuna poliesta ndani: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Lakini moto haukuambii asilimia. Kutofautisha 84 na 86 kunahitaji maabara, ambako pamba huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki ya asilimia 75 na poliesta inayobaki hupimwa. Kwa mchanganyiko ulio karibu na 85, dai cheti cha maabara kabla ya kulipia, usingoje bandarini.

5212: wachache, ila wapo

Pamba ikichanganywa hasa na kitu ambacho si nyuzi za viwandani, kwa mfano kitani, na pamba ikawa ndiyo nyingi lakini haifiki 85, unakwenda 5212. Pamba 55 na kitani 45, kizito na cheupe, ni 5212.22. Geuza namba hizo, kitani kikawa 55, na umehamia 5309. Sawa kwa sawa pia ni 5309, kwa kanuni ile ile ya namba ya mwisho.

Weupe upi unahesabiwa

Watu hudhani "kilichopaushwa" maana yake ni kilichopitishwa kwenye dawa ya weupe, basi. Ufafanuzi wa Sehemu ya XI ni mpana zaidi. Kitambaa kinahesabiwa kuwa kimepaushwa kama kilipaushwa kikiwa jora, au kilitiwa rangi nyeupe, au kilipakwa umaliziaji mweupe. Pia kama kimefumwa kwa nyuzi zilizopaushwa tayari. Pia, na hili huwashangaza wengi, kama kimefumwa kwa nyuzi ghafi na nyuzi zilizopaushwa kwa pamoja. Hicho cha mwisho hakiwi "cha nyuzi za rangi tofauti" hata kama macho yanaona mistari ya weupe na ukahawia mwepesi.

Kwa hiyo drili iliyotiwa rangi nyeupe usiiandikishe kama iliyotiwa rangi. Ile 5209.32 ni ya rangi nyingine isipokuwa nyeupe. Lakini krimu si nyeupe. Maradufu iliyotiwa rangi ya krimu ni 5209.31. Maradufu ghafi, ambayo ukrimu wake ni wa pamba yenyewe, ni 5209.11. Ukiziweka mezani pamoja unaweza usione tofauti, na katikati yao ndiko ilikokaa 5209.21.

Namna moja ya kuanza kuzitofautisha ni tone la maji. Kitambaa ghafi bado kina nta ya pamba na wanga wa kufumia, hivyo tone hukaa juu yake likiwa mviringo kwa muda kabla ya kuzama. Kwenye kilichopaushwa na kisichotiwa dawa ya kuzuia maji, tone huzama mara moja. Kitazame pia kwa karibu mwangani: kitambaa ghafi mara nyingi kina vidoa vya kahawia, mabaki ya maganda ya mbegu za pamba. Vipimo hivi ni vya kukufungua macho tu. Kilichochemshwa kwa magadi bila kupaushwa nacho hunyonya maji, ilhali bado kina rangi yake ya asili na hakijapitia dawa ya weupe. Neno la mwisho ni karatasi ya kiwandani inayoonyesha kitambaa kilipitia hatua zipi, nayo muuzaji aliye makini anaweza kuitoa.

Mengine mawili mafupi. Mstari wa rangi kwenye ukingo wa jora, ule wenye jina la kiwanda au alama yake, hauhesabiwi: kitambaa cheupe chenye uzi mwekundu ukingoni bado ni cheupe. Na kitambaa ghafi kinaweza kutiwa rangi ya muda inayotoka kwa kufua, ambayo viwanda hutumia kama alama, na bado kikabaki ghafi kisheria.

5209.21, 22 au 29: hesabu nyuzi

Msuko wa kawaida una tafsiri yake: kila uzi wa mshindio (unaokwenda kwa upana wa jora) unapita juu ya uzi mmoja wa mtande (unaokwenda kwa urefu) na chini ya unaofuata, na kila uzi wa mtande vivyo hivyo. Maneno "kila uzi" ndiyo yenye uzito. Kuna kitambaa kizito cha turubai ambacho nyuzi mbili za mtande zinakwenda pamoja kama jozi, na kingine ambacho jozi zinapishana na jozi, kama ukili wa jamvi. Kwa macho ya dukani vyote huitwa maradufu. Kwa tafsiri hiyo havitimizi sharti, vinakwenda 5209.29.

Mshazari wa nyuzi 3 au 4 ni drili nyingi, na gabadini nyingi. Hesabu kwa kioo cha kukuzia: fuata uzi mmoja wa mshindio, hesabu unapita juu ya ngapi na chini ya ngapi mpaka mpangilio ujirudie. Mbili juu moja chini ni nyuzi 3. Tatu kwa moja, au mbili kwa mbili, ni nyuzi 4. Vyote hivyo ni 5209.22. Ukihesabu 5 au zaidi, kama satini ya nyuzi 5 au mshazari mpana, umefika 5209.29. Mistari ya mshazari kuonekana kwa macho haitoshi. Lazima hesabu ifanyike, na ni kazi ya dakika chache ukiwa na sindano ya kuchomolea nyuzi.

Jinzi watu huiuliza sana hapa. Hata ikiwa nyeupe? Jinzi yenye msimbo wake, 5209.42, ni ya nyuzi za rangi tofauti: mtande wa rangi moja, na mshindio ghafi, uliopaushwa, wa kijivu au wa rangi hiyo hiyo iliyofifia. Kitambaa cha mshazari cheupe pande zote, hata kikiuzwa kwa jina la jinzi nyeupe, ni 5209.22.

Vinavyofanana navyo lakini havimo

Maradufu nyeupe iliyopakwa plastiki inayoonekana kwa macho makavu ni 5903. Iliyoandaliwa kwa wachoraji, ile yenye tabaka tayari la kupokea rangi, ni 5901. Iliyopitishwa kwenye mafuta au nta ili isivujishe ni 5907. Kitambaa cha taulo chenye vitanzi ni 5802. Utepe mwembamba usiozidi sentimita 30, wenye kingo zake pande zote mbili, ni 5806. Kilichounganishwa kwa vitanzi kama cha fulana ni Sura ya 60, hata kiwe kizito na cheupe kiasi gani.

Na kikishapindwa na kushonwa si kitambaa tena. Shuka za kitanda na vitambaa vya meza ni 6302, maturubai na mahema ni 6306, magunia ni 6305. Mraba uliokatwa tu kutoka kwenye jora bila kazi nyingine kwa kawaida bado ni kitambaa, lakini pindo moja linatosha kuuhamisha sura. Kwa taarifa, shuka nyingi za hoteli hata kabla ya kushonwa hazifiki gramu 200. Zina gramu mia na kitu, na jora lake linakaa 5208.

Ushuru unabadilika wapi, na wapi haubadiliki

Karibu kote duniani tarakimu 6 za kwanza ni zile zile, kwa mkataba wa Shirika la Forodha Duniani ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Toleo linalotumika sasa ni la 2022, na linalofuata linaanza Januari 2028. Baada ya tarakimu hizo 6 kila soko lina lake.

Umoja wa Ulaya hutoza asilimia 8 kwa vitambaa vya kufumwa vya pamba, viwe vizito au vyepesi, ghafi au vyeupe, kabla ya unafuu wa mikataba. Nchi za Ghuba, zikiwamo Oman na Falme za Kiarabu, zina ushuru wa pamoja wa asilimia 5 kwa bidhaa nyingi tangu 2003. Hili linawahusu sana wafanyabiashara wetu wanaonunua Dubai: muuzaji wa kule hana sababu kubwa ya kuhangaika kama jora ni 5208 au 5209, kwake ni asilimia ile ile. Msimbo anaokuandikia kwenye ankara unaweza kuwa wa kubahatisha, na hatia yake ikakufuata Mombasa au Dar es Salaam.

Marekani ni kinyume. Katika jedwali lake la msingi, bila nyongeza zilizowekwa juu, maradufu ghafi ya 5209.11 hutozwa asilimia 6.5, iliyopaushwa ya 5209.21 asilimia 7.7, na iliyotiwa rangi ya 5209.31 kwa kawaida asilimia 8.4. Kadiri kitambaa kinavyofanyiwa kazi zaidi ndivyo ushuru unavyopanda. Kule swali la krimu au nyeupe lina bei.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa pamoja ulianza 2005 kwa viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na Julai 2022 kikaongezwa cha 35. Jedwali letu lina mistari maalumu ya kanga, kikoi na kitenge, nayo iko kwenye vitambaa vilivyochapwa, haigusi vyeupe. Kila mwaka wa fedha nchi wanachama huomba kuachana na kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani, na majibu hutoka kwenye Gazeti la Jumuiya. Ndiyo maana jora moja linaweza kutozwa tofauti Kampala na Dar es Salaam. Soma Gazeti la mwaka unaoagiza, usitumie kiwango ulicholipa mwaka jana.

Zanzibar ya karne ya 19 haikuwa na maswali haya. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 uliweka asilimia 5 kwa shehena inayoshushwa, na kitambaa ghafi cha pamba kilichoitwa marekani, kutoka viwanda vya Massachusetts, kililipa kiwango hicho hicho kama kitambaa kingine chochote cha wafanyabiashara wa Kimarekani.

Kuna jambo jingine la kulinganisha, kwa wenye viwanda. Ukiingiza maradufu ghafi ya 5209.11 na kuipausha hapa, inakuwa 5209.21. Tarakimu 4 za mwanzo hazijabadilika. Kwenye mikataba inayotaka bidhaa ibadilishe tarakimu 4 ili ihesabiwe kuwa ya nchi yako, kupausha peke yake hakutoshi. Ukiishona kuwa hema, 6306, tarakimu zimebadilika, ingawa mikataba mingine ina masharti ya ziada kwa nguo. Mwenye mpango wa kuuza nje asome sharti la bidhaa yake kabla ya kununua mashine ya kupaushia.

Je, niagize cha gramu 195 badala ya 205?

Hilo ni halali. Kuchagua kitambaa kingine ni haki ya mnunuzi, kosa ni kuagiza cha 205 na kukitangaza kuwa cha 195. Lakini mimi sishauri kuagiza namba yoyote iliyo karibu na mpaka. Viwanda vingi hujiwekea nafasi ya asilimia 5 juu au chini ya uzito ulioagizwa. Cha 195 kinaweza kuja na gramu 204, na cha 205 kinaweza kuja na 195, majora mengine ya mzigo mmoja yakaangukia huku na mengine kule. Hapo utalazimika kuandikisha kwa misimbo miwili na kuyatenganisha majora moja moja.

Ukitaka kubaki 5208 agiza gramu 190 au chini: hata ikizidi kwa asilimia 5 inafika 199.5. Ukitaka 5209 agiza 211 kwenda juu: hata ikipungua kwa kiasi hicho inabaki juu kidogo ya 200. Andika mipaka hiyo kwenye mkataba wa ununuzi, na uandike kwamba uzito unapimwa bila bomba, kwa upana wote wa jora.

Ukitofautiana na forodha

Njia iliyo bora ni kuiomba forodha uamuzi wa awali kuhusu msimbo kabla ya kuagiza. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, unaotumika tangu tarehe 22 Februari 2017, unazitaka forodha za nchi wanachama kutoa uamuzi huo kwa maandishi. Peleka kipande cha kitambaa, cheti cha maabara cha nyuzi na uzito, na karatasi ya hatua za kiwandani. Usipeleke picha.

Kama mzigo umeshafika na afisa amebadilisha msimbo, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 229, inakupa siku 30 tangu uamuzi kumwandikia Kamishna. Naye ana siku 30 za kujibu. Barua isiseme "ushuru ni mkubwa". Iseme uzito umepimwa vipi, nyuzi ni asilimia ngapi, msuko ni wa nyuzi ngapi.

Na maelezo ya bidhaa kwenye ankara yasiwe "cotton fabric" peke yake. Mtake muuzaji aandike yote manne kwa mstari mmoja, kwa lugha ya ankara yake, kama hivi: kitambaa cha kufumwa, pamba 100%, kilichopaushwa kikiwa jora, mshazari wa nyuzi 3, gramu 245 kwa mita ya mraba, upana sentimita 150, hakijapakwa chochote. Mstari huo ukiwa wa kweli, afisa yeyote anaweza kuusoma na kufika 5209.22 bila kukuuliza. Kila mzigo, kata kipande cha nusu mita, kibandikwe namba ya jora na ya tamko la forodha, ukihifadhi pamoja na karatasi zake kwa miaka 5, kwa sababu ukaguzi wa baada ya kugomboa unaweza kurudi nyuma kiasi hicho, na kitambaa chenyewe kitakuwa kimeshauzwa zamani.